Konoito ya Kapsirma

Nyuki wa Kapsirma walitoka mizingani wote asubuhi ile, chai yangu ikiwa bado ya moto, na kabla sijaambiwa lolote nikajua ndugu yangu Leboo ameharibu.

Ninaposema wote, namaanisha wote. Wa juu kwenye mianzi, ambako hata mwezi wa Januari mtu hulala na koti, walitoka. Wa kwenye mitarakwa ya katikati walitoka. Walipita juu ya ofisi ya Baraza wakielekea chini, bumba baada ya bumba, na kivuli chao kikapita dirishani hadi nikashindwa kusoma kilichokuwa kwenye tableti. Nilikiacha kikombe pale pale nikakimbilia kituo cha mitambo. Nina goti bovu na mwili wa mama mzima, lakini nilikimbia.

Leboo alikuwa amesimama mbele ya kioo kikubwa, mikono kichwani.

"Dada, usianze," alisema.

"Sijasema neno."

"Uso wako umesema."

"Uso wangu una haki yake. Umewaita nyuki wa nani?"

"Wa chini tu. Nilikusudia wa chini tu."

Nikatazama kioo. Ukanda mzima wa ukoo wetu, kutoka mianzini hadi ua wa mashamba, ulikuwa unawaka rangi ya njano. Mzinga usio na nyuki ndio huwaka njano.

Serikali ya jimbo ilikuwa imeomba jaribio. Bi. Mukhwana, afisa mkuu wa chakula, alikuja mbele ya Baraza la Msitu kwa adabu zote, akaomba sehemu ya chini ya Kapsirma, siku moja, maofisa wake waone kama mtambo wetu wa kuwaita nyuki unafanya kazi. Tulibishana, mimi kama mwenyekiti nikabishana kuliko wote, mwishowe tukakubali. Nikatoa idhini kwa ufunguo wangu, Leboo akaenda kuuamuru mtambo. Mtambo ukauliza eneo. Leboo akaandika Kapsirma.

Mgeni angekosea kwa namna nyingine. Mgeni angechora duara mahali pasipofaa, au mraba, maana wageni wanapenda sana miraba. Lakini Leboo ndiye aliyechora ramani ya mtambo huo, na kichwani mwake, kama kichwani mwangu na mwa kila Mwogiek aliyelelewa vizuri, hakuna kitu kinachoitwa nusu ya konoito. Konoito ni ukanda wa ukoo, unaoanzia juu kabisa na kushuka hadi miti inapokwisha, mto huku na mto kule. Maua huanza kuchanua chini, yakapanda mlima taratibu msimu mzima. Nyuki hupanda nayo, nasi tukapanda na nyuki. Hakuna ukoo uliopewa juu peke yake au chini peke yake.

Na ndivyo tulivyourudisha msitu huu, niseme kabisa, maana siku hizi kuna watu wanadhani uliota wenyewe. Hati ya msitu ilipotufikia mkononi kutoka mahakamani, mlima ulikuwa visiki na vumbi. Wataalamu wakatuletea mpango wa kupanda kwa vitalu, kitalu cha mti huu, kitalu cha mti ule. Tukawapa chai, tukawashukuru, tukawaaga. Kila ukoo ukapanda ukanda wake kuanzia juu hadi chini, na kila ukoo ukawajibika kwa ukanda wake. Sasa mito inatiririka hata kiangazi. Nyuki wetu ndio pekee wenye afya katika nyanda hizi zote, na hilo sikusimuliwa. Mimi ndiye niliyewapima, kwa maabara niliyoijenga mwenyewe baada ya kuchoka kufundisha habari za wadudu chuo kikuu kwa vitabu vya watu waliokaa msituni wiki mbili.

"Zima," nilimwambia Leboo.

"Nikizima sasa watachanganyikiwa hewani. Acha watue kwanza."

Hapo alisema kweli. Nikachukua kofia yangu tukashuka.

*

Mwito, ndilo jina la mtambo ule, ni kazi ya mikono ya Leboo, na sina budi kuusifu hata siku niliyotaka kumchapa. Ndani ya kila mzinga kuna kitambuzi kisichozidi punje ya maharagwe. Kikiamriwa, kinautetemesha mti wa mzinga kama wanavyoutetemesha nyuki wenyewe wanapokubaliana kuhama. Kisha kinatoa harufu ya malkia aliye safarini. Kule mtambo unakotaka waende, vitambuzi vingine vinatoa harufu ya nyumbani. Nyuki hasukumwi. Anaamini tu kwamba nyumbani pamehama, na anakwenda nyumbani. Mimi hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa unakwama tangu mwanzo, ila sikuwa na namna ya kulieleza mbele ya Baraza bila kuonekana ninamwonea ndugu yangu wivu.

Walikuwa wametua mwisho wa ukanda, kwenye miti michanga tuliyopanda mwisho. Sijapata kuona kitu kama kile. Matawi yalikuwa yameinama hadi chini kwa uzito wao, na ua mzima wa waya ulikuwa umefunikwa na nyuki, ukipumua.

Ng'ambo ya ua walisimama wakulima. Watu hao nyuki wao walikufa wakaisha, kwa joto na kwa dawa, wakaletewa vidude vya plastiki vya kuruka vikachavushe maboga, navyo vikajaa vumbi na kuanguka. Siku hizi wanachavusha kwa unyoya wa kuku, ua kwa ua, familia nzima ikiwa imeinama. Walikuwa wanawatazama nyuki wetu. Mama mmoja alikuwa analia, na mtoto wake anamuuliza wale ni nini.

Bi. Mukhwana alinijia na mabuti yake ya shambani, macho yamemjaa machozi.

"Daktari Taprandich, mmetuokoa."

"Bado hatujamwokoa mtu. Rudi nyuma kidogo, mama, umekanyaga nyuki."

Akarudi nyuma. Wakati huo Leboo alikuwa anaangalia simu, na nikaona uso wake unabadilika.

"Mvua ya mawe," alisema. "Inatoka upande wa Narok. Mchana huu itakuwa hapa."

Asiyewajua nyuki atasema, si wanyeshewe tu, watakauka. Bumba lililoning'inia wazi likipigwa na mawe ya mvua, halikauki. Linafagiliwa. Nyuki wote wa Kapsirma walikuwa wamening'inia wazi, mbali na mizinga yao, na wa kule mianzini wasingeweza kuipanda baridi ile yote kabla ya mvua kuwakuta njiani.

"Basi waite washuke zaidi," alisema Bi. Mukhwana. "Maboksi yetu yako tayari bondeni kote, mapya. Vitambuzi mlituwekea wenyewe. Wataingia kabla ya mvua. Watakuwa salama, na bonde litapata mavuno mwaka huu."

"Na mwisho wa msimu?"

"Mtawaita warudi."

"Tutawaita watakaokuwa hai. Mashamba hayo yanapigwa dawa kila wiki, na wewe unajua."

"Najua." Hakunificha, nami nikamheshimu kwa hilo. "Najua pia kwamba shule zangu zinagawa uji mara moja kwa siku, na hautoshi. Wewe una mtambo wa kuwalisha wale watoto. Uko mkononi mwako. Nieleze, Daktari, nikawaambie nini mama zao? Kwamba nyuki walikuwepo, mkakataa?"

Nikamwomba nafasi, nikaenda pembeni, na Leboo akanifuata.

"Dada, nisikilize," alisema polepole. "Babu yetu alitolewa hapa kwa lori, nyumba yake inawaka nyuma yake. Leo wanaosimama pale uani wanatuomba chakula. Tukiwa na Mwito, nani atatugusa tena? Tukiwasha, wanakula. Tukizima, wanalala njaa. Hati inaweza kufutwa na mahakama nyingine kesho. Hii hawawezi kuifuta."

Maneno yake yalikuwa matamu, sitadanganya. Yaliniingia kama uji wa moto tumboni. Nilijiona nimekaa kwenye kiti, viongozi wa jimbo wamepanga foleni, mimi nawauliza mnataka nini leo. Nilikaa na picha hiyo kwa muda, nikaifurahia, kisha nikaona kilichokuwa kibaya ndani yake. Ilikuwa picha ya wale wale waliotupakia kwenye lori. Walikuwa wamebadilishwa sura tu.

"Babu alikuwa na mzinga mmoja kule juu," nilimwambia. "Unaukumbuka?"

"Ule mtupu."

"Ulikaa mtupu hadi akafa. Hakuuhamisha kwa hasira, wala hakuwatega nyuki. Watu wakimcheka, anasema hawajampenda bado. Leboo, sisi tunatundika mzinga tunangoja. Hiyo ndiyo kazi yetu yote. Siku tutakapoanza kuwaamuru, tutakuwa kiwanda kama kiwanda kingine, na kiwanda kinanunuliwa."

Mtambo ule ni maisha yake, ameujenga hadi mkewe akatishia kurudi kwao. Nilimhurumia.

"Wakifa hapa kwa mvua?" aliuliza. "Utakuwa umelinda nini?"

"Hawatafia hapa. Kama nyuki hawawezi kupanda kuifuata mizinga, mizinga itashuka."

*

Nilishika redio nikauita ukoo.

Nisingependa kuzungumzia kilichofuata kwa maneno mengi, maana nitajisifu, lakini wacha nijisifu. Walikuja wote. Wanaume waliokuwa kwenye vitalu vya miche, wanawake waliokuwa maabara na makoti yao meupe, wazee, walimu, hata mpishi wa Baraza akiwa bado na aproni. Walipanda miti kwa kamba za ngozi kama walivyofundishwa na wazazi wao, wakateremsha mizinga ya mtarakwa, wakaibeba mgongoni kwa mkanda wa kichwa, wakashuka mlima wakikimbia. Kila mmoja alibeba mzinga uliokuwa karibu naye, awe ni wake au si wake. Kwa kawaida kugusa mzinga wa mtu ni ugomvi wa kurushiana maneno mwaka mzima. Siku ile hakuna aliyeuliza.

Tatizo likawa miti. Miti yetu ya chini ni michanga, haiwezi kubeba mzinga hata mmoja, na ukiuweka chini siafu wataumaliza. Miti mikubwa iliyokuwa karibu ilikuwa ng'ambo ya ua, katika shamba la Mzee Gathogo. Mpakani alikuwa na safu ya miti minene, na katikati ya shamba silibwet mmoja mkubwa mno, ule mti wenye maua meupe unaotoa asali nyeupe tunayoipenda kuliko zote.

Leboo alifika kwenye ule mkubwa kwanza. Akapapasa shina, akaniita. Kwenye tawi la kwanza palikuwa na kovu la kamba, la zamani, gome limelimeza nusu. Mzinga ulikuwa umening'inia hapo kabla ya mimi kuzaliwa.

"Huu ni wetu," alisema kwa sauti, na watu wa ukoo wakanung'unika kukubali. "Hatuhitaji kuomba. Tundikeni."

Mzee Gathogo alikuwa amefika, mtu mfupi mwenye kofia ya manyoya na fimbo. "Mti uko shambani mwangu," alisema. "Nina hati."

"Hata sisi tuna hati," alisema Leboo. "Na tuna kovu."

Ngurumo ikasikika mbali. Watu walisimama na mizinga mgongoni, jasho linawatoka, wananitazama mimi.

"Mzee Gathogo," nilisema, "miti mingine ya katikati ya shamba ilikatwa yote. Kwa nini huu uliuacha?"

Akakuna shingo. "Mbuzi wangu wanaupenda kwa kivuli."

Mtu alicheka nyuma yangu. Mimi sikucheka. Nilifikiri, mtu huyu ameutunza mti huu maisha yake yote, hata kama ni kwa sababu ya mbuzi, na sheria yetu haina kipengele cha mbuzi. Inasema mwenye mti ni yule anayeuweka hai. Sheria tuliyoidai mahakamani miaka yote ile haiwezi kuwa ya kuwabana wengine peke yao.

Nikavua kofia yangu mbele yake, mimi, binti wa Kapsirma, nikasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Mzee, tunaomba mti."

Leboo aligeuka akanitazama kama nimemtemea mate. Gathogo naye hakujua aweke wapi mikono.

"Ukitupa," niliendelea, "ujue unaingia katika sheria ya konoito. Mzinga ukiwa juu, hukati mti, huwashi moto chini yake, hupulizi dawa shambani mwako, wala huruhusu jirani aipulize ikuingilie. Sega la kwanza ni lako kila msimu. Ukivunja, tunateremsha mizinga tunaondoka, na hatutarudi kwako wala kwa watoto wako."

"Nisipopuliza, wadudu watakula alizeti yangu."

"Watakula kiasi. Nitakuonyesha cha kupanda kandokando wasile zaidi. Sikuahidi utajiri."

"Na nyuki watakuja?"

"Sijui. Tutazima mtambo. Wakikupenda, watakaa."

Bi. Mukhwana akanishika mkono. "Daktari, na bonde? Maboksi yangu?"

"Maboksi yako yatakaa matupu mwaka huu," nilimwambia, na ilinichoma kusema, maana nilikuwa nimemwona yule mtoto uani. "Nitatoa chakula cha ghala letu, asali na viazi, shule zako zipate kinachopatikana. Lakini nyuki sitawaamuru. Kila anayetaka, alete mti aje aombe sheria. Tutaongeza ukanda shamba kwa shamba."

"Itachukua miaka."

"Msitu huu nao ulichukua miaka."

Alinitazama kwa hasira ya kweli, na sikumlaumu.

Gathogo alikuwa bado anaufikiria mti wake. Akaweka kiganja kwenye shina. "Haya," alisema. "Tundikeni. Ila mbuzi wangu mniachie."

*

Funguo za Mwito ni mbili, wangu na wa Leboo, na mmoja bila mwingine haufanyi kitu. Mzinga wa mwisho ulipofungwa nilibonyeza wangu. Leboo alishika wake kwenye simu, kidole kikiwa juu ya kioo, na hakubonyeza.

"Nikizima," alisema, "hakuna atakayeamini tena kwamba ulifanya kazi."

"Mimi nitaamini."

"Wewe peke yako?"

"Mimi ni wengi, ndugu yangu. Bonyeza."

Akabonyeza. Harufu ya nyumbani ya uongo ikakatika kwenye ile miti michanga. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha mabumba yakaanza kufunguka, nyuki wakajaa hewani kiasi cha kutuzibia mwanga, wakizunguka, wakitafuta. Tulikaa chini ya nyuki hao wote bila kujikinga, Waogiek na wakulima, na hakuna aliyepiga kelele. Baadhi ya mabumba yakaelekea juu, mlimani, kwenye wingu jeusi. Nilitamani kuyaita. Ningekuwa na ufunguo peke yangu, sijui ningefanya nini.

Mengine yakaielekea mizinga. Ilikuwa mizinga yao, mtarakwa wao, nta yao, ila mahali pageni. Nyuki wachache wakaingia, wakatoka, wakaingia tena. Jiwe la kwanza la mvua lilinipiga begani. Ndipo bumba kubwa likageuka na kuanza kumiminika ndani ya mzinga uliokuwa kwenye silibwet wa Gathogo, na mengine yakafuata kwenye safu ya mpakani, na sisi tukakimbilia banda la mbuzi tukajibana humo, mwenye hati na mwenye kovu, mawe yakipiga mabati hadi hatukusikilizana.

Mvua ilipokoma nilitoka kwanza. Njia ya mlimani ilikuwa imejaa barafu, na ndani ya barafu walikuwamo nyuki wengi waliochagua kurudi juu. Niliwaokota baadhi nikawashika kiganjani. Hilo ni letu, na tutalibeba. Kisha nikaenda kwenye silibwet, nikaweka sikio langu kwenye shina, na nikawasikia.

Leboo alikuwa nyuma yangu. Aliweka sikio upande wa pili wa mti, tukabaki hivyo, na nikaona anatabasamu huku machozi yanamtoka.

*

Alizeti ilipochanua, nilishuka kukagua mizinga. Njiani nilisikia sauti zimepanda, nikasimama nyuma ya safu ya miti nisikilize kwanza, maana ndivyo nilivyo.

Jirani wa Gathogo alikuwa amesimama kwenye mpaka na pampu ya dawa mgongoni, mpira mkononi, tayari kupuliza. Gathogo alikuwa amemzibia njia kwa fimbo yake.

"Shamba ni langu," jirani alisema.

"Ni lako. Upepo si wako. Zima pampu, hapa ni konoito."

"Ni nini hicho?"

"Ukanda. Unaanzia kule kwenye mianzi." Akaelekeza mlimani kwa fimbo, mahali ambapo hajawahi kukanyaga maisha yake yote. "Unashuka hadi hapa. Hakuna kupuliza. Ukitaka nyuki waje kwako, leta mti, uende ukaombe."

"Na hiyo ni sheria ya nani? Ya wale wa msituni?"

Gathogo akamtazama kama mtu anayeulizwa jina la mama yake.

"Yetu," alisema.